Mkanda Nilioukata Mwenyewe

Uvumi ule niliuletewa siku ya Jumatano, nikiwa jikoni nimeloweka samaki wa ng'onda. Dada Glenora, tunayeimba naye kwaya, aliingia bila hata kuvua koti, akaketi, akasema:

"Ismay, waya wa mabega ya binti yako Jacinth umeonekana kambini kwa bendi ya Mwari."

"Umeonekana na nani?"

"Na mimi hapa. Si una utepe mwekundu? Uko juu ya meza ya mkuu wao, Alston. Na yule Denzil, mkunja waya wenu, kasimama pembeni, anacheka naye."

Hayo tu. Akanywa chai, akaenda zake. Mimi sikula tena siku hiyo. Nikisali, uvumi uko mbele ya sala. Nikifua, uko ndani ya povu.

Nyie wa Chapeltown mnajua uzito wa neno hilo, lakini nitalieleza kwa wengine. Anayejenga vazi la malkia wa karnivali humpima kwa waya mmoja, mabegani hadi nyongani, kisha huutundika kwenye msumari. Waya ule hautoki kambini, yaani karakana ya mavazi ya bendi. Bendi nyingine ikiupata, imeshajua umbo la vazi na upana wa mabawa, na siri ya mwaka mzima imekwisha. Ndiyo maana kila anayefanya kazi kambini huweka mkono juu ya meza na kuapa. Denzil aliapa mbele yangu.

Naandika kwa ajili ya kina mama wenzangu. Shule niliishia darasa la sita kule Gingerland, kisiwa cha Nevis huko Karibi, kabla baba hajatuita huku Leeds, Uingereza, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Mengine niliyaona kwa macho, mengine niliambiwa na wao wawili, wakati ambapo hakukuwa na cha kufichana tena.

Walikutana soko la Kirkgate, Jumamosi moja ya Machi, kwenye kile kibanda cha vitambaa ambapo sisi wa visiwani na kina mama wa Kipunjabi tunapigana vikumbo kwa ajili ya shanga. Jacinth wangu alitoka kazini moja kwa moja. Alikuwa na sare yake ya udereva wa basi, koti la bluu, tai imelegezwa, nywele amesuka mistari, na hereni za duara ambazo wakubwa zake walishamkataza mara mbili. Akaliona bunda la mwisho la utepe wa dhahabu. Akalishika. Upande wa pili likawa limeshikwa na mkono mkubwa wenye makovu ya cheche.

"Kaka, achia."

"Nimeanza mimi, dada."

"Umeanza saa ngapi? Mimi nimeuona tangu niko mlangoni."

"Mlangoni? Macho hayo ni ya mtu au ya mwewe?"

"Ya dereva wa basi. Abiria asiye na tikiti namjua kabla hajapanda."

"Basi nimekamatwa." Akacheka, lakini utepe hakuachia. Alikuwa mrefu, kofia ya sufu nyuma ya kichwa, ananukia chuma na mafuta ya nazi. "Unautaka wa nini?"

"Siri ya bendi."

"Bendi gani?"

"Wewe bendi gani?"

"Sina. Nimehamia juzi kutoka Birmingham. Mchana nachomelea mageti, jioni nakunja waya."

Jacinth akaachia utepe palepale. Mkunja waya wa bendi yetu, Poinsiana, alikuwa amerudi Nevis tangu Krismasi, na tulikuwa tumebaki na michoro mizuri isiyo na mtu wa kuisimamisha.

"Unakunja waya kweli au unajisifu sokoni?"

"Nipe hereni yako moja dakika tano, nikuonyeshe."

"Chukua utepe wote," Jacinth akasema. "Na wewe mwenyewe nakuchukua."

Mwenye kibanda akaangua kicheko. Denzil, ambaye dakika moja nyuma alikuwa na majibu yote, akabaki anakunjakunja kofia.

Basi ikawa simu. Nilikuwa namsikia binti yangu akicheka chumbani hadi nagonga ukuta.

"Dereva wangu, uko kituo gani?"

"Cha mwisho, Moortown. Nina dakika saba."

"Nipe sita."

"Na ya saba?"

"Ya saba unywe chai, usije ukasinzia ukatia watoto wa watu mtaroni."

"Mimi nisinzie? Umeniita malkia jana, leo unaniita mlevi?"

"Malkia wangu hasinzii. Anapumzisha macho tu."

Mwezi wa Aprili alimpima. Alipofika kiunoni, Jacinth aliuma midomo.

"Mgongo?" Denzil akauliza taratibu.

"Kiti cha basi. Miaka minne sasa. Usimwambie mama wala mtu. Malkia mwenye mgongo mbovu anabadilishwa."

"Si bora ubadilishwe kuliko uumie?"

"Denzil. Mama yangu ndiye malkia wa kwanza wa bendi hii, na mwaka huu bendi inatimiza miaka thelathini. Ukisema, tumeachana."

Akaahidi. Kijana yule alikuwa na kasoro moja, ahadi kwake ilikuwa kama chuma kilichopoa. Huwezi kukikunja tena.

Sasa niseme la zamani, maana bila hilo hamtanielewa. Poinsiana ilianza mwaka 1974, chini ya ukumbi wa kanisa. Walioianzisha ni marehemu mume wangu Reuben na rafiki yake Alston. Waya wa kwanza ulikuwa vitundikio vya makoti. Vitambaa ni vipande nilivyookota mimi kiwandani nilipokuwa nashona suti za wanaume. Alston alinijengea mabawa mekundu, na uzito wake akaufunga nyongani kwa mkanda mpana wa ngozi na chuma, mabega yakabaki huru. Nilitembea njia nzima nacheza. Ndiyo maana mgongo wangu ni mzima hadi leo.

Mwaka 1981 nikasikia kwamba Alston ameonyesha mchoro wetu kwa bendi ya Huddersfield. Aliyeniambia aliambiwa. Mimi nikausema jikoni pale ukumbini, nakoroga mchuzi wa mbuzi, na kabla mchuzi haujaiva bendi ilikuwa mbili. Alston akaondoka na nusu ya watu, akaanzisha Mwari, yule ndege wa kwetu mwenye mfuko mdomoni. Reuben amekufa hawajasalimiana. Kama habari ile ilikuwa ya kweli sikuwahi kuuliza. Nilichofanya ni kupiga marufuku jina la Alston kambini.

Kwa hiyo Denzil alipoona mabawa ya Jacinth yanazidi mita nne, na mwenye kuyabeba anaumwa, alikwenda kwa mtu mmoja tu aliyejua dawa. Alibeba waya wake kwa sababu mkanda hukunjwa kwa nyonga za mtu, haukisiwi.

Mimi hayo sikuyajua. Lakini nililojua lilitosha kuuliza, na sikuuliza. Nilimngoja binti yangu atoke zamu, nikamwambia aliyosema Glenora. Akasema, "Labda ana sababu, mama. Nitamuuliza."

Nikaona anaponyoka. Nikaongeza chumvi.

"Kuna msichana kule, anapimwa kwa waya huohuo wako. Glenora kamwona."

Glenora hakusema msichana. Msichana nilimzaa mimi, palepale mezani, mbele ya ng'onda.

Sikujua nimechoma wapi. Jacinth alidhani Denzil ameona mgongo wake hautamfaa, akatafuta mwili mwingine. Alikwenda kambini bado na sare, mimi nyuma yake. Denzil alikuwa amepiga magoti, anafunga manyoya.

"Umekwenda kwa Mwari?"

Akasimama. "Nimekwenda."

"Na waya wangu?"

"Na waya wako."

"Kwa nini?"

Denzil akamtazama, halafu akanitazama mimi, niliyekuwa mlangoni na mikono kifuani. Kusema sababu ni kuutoa mgongo wa Jacinth mbele ya mama yake.

"Siwezi kusema hapa."

"Huwezi! Ana nyonga nzuri kuliko zangu, siyo?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga, Denzil! Weka koleo chini, utoke."

"Jacinth, kipenzi, nisikilize dakika moja..."

"Dakika zako zimeisha. Basi limeondoka."

Akaweka koleo. Alipopita mlangoni alinisalimia kwa heshima, "Mama Ismay." Mimi sikuitikia.

Siku mbili baadaye alipiga simu nyumbani. Jacinth alikuwa bafuni.

"Mama Ismay, najua hunitaki. Nina neno moja, tafadhali mfikishie. Mkanda wa nyongani msiuondoe. Chochote mtakachobadilisha, mkanda uacheni."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Nikakata simu. Jacinth akatoka na taulo kichwani, macho yamevimba. "Nani huyo?"

"Wamekosea namba."

Jumapili hiyo, wengine wote wakiwa ibadani, niliingia kambini peke yangu na koleo la marehemu Reuben, lile lenye pengo kwenye jino moja. Nikafunua shuka. Nikaugeuza mkanda, ambao Jacinth alikuwa hajauvaa bado. Ncha za waya zilikuwa zimezungushwa mara tatu na kufichwa ndani zisimchome mvaaji. Mkono huo niliujua, niliwahi kuuvaa. Ni fundisho la Alston. Miaka ishirini na tatu waya wa Alston haukuingia Poinsiana, nao sasa ulikuwa umemkumbatia mwanangu. Nikajiambia ni hila, anataka watu wa karnivali waone alama yake kwa malkia wetu. Nikakata. Vipande sita. Nikafunga mikanda miwili ya begani, nikashona kitambaa juu yake, na mshono wangu hauonekani.

Ijumaa, usiku wa mashindano ya malkia, Jacinth alivaa jukwaani dakika nne. Alishuka akiwa na jasho jingi kuliko kawaida.

"Kuna kitu kimebadilika, mama? Yananivuta nyuma."

"Woga tu, mwanangu. Hata mimi nilikuwa hivyo."

Jumatatu, karnivali. Tulitoka bustani ya Potternewton na jua, na Roundhay Road tukaenda vizuri, vinanda vya mapipa ya chuma vinalia, watu wanapeperusha leso madirishani. Jacinth alikuwa moto mtupu. Manyoya mekundu na ya machungwa, shanga kwenye paji la uso, ule utepe wa dhahabu wa Kirkgate ukizunguka kiuno. Nikasema moyoni, unaona Reuben? Halafu tukaanza kupanda Chapeltown Road, na pale kanisani upepo ukatoka pembeni.

Mabawa yakajaa kama shuka kwenye kamba. Nilimwona anajaribu kuinama mbele, mikanda ya begani ikamvuta nyuma, kukawa na mlio mdogo tu, na malkia wa Poinsiana akalala chali barabarani, mabawa chini yake.

Kwetu mtu haingii safu ya bendi isiyo yake, hata ajue watu. Denzil alivuka kamba kutoka kando ya barabara alipokuwa amesimama, akawapita walinzi wetu, akafika kabla yangu.

"Usiinuke. Dereva wangu, usiinuke. Nitazame mimi."

"Siisikii miguu vizuri, Denzil."

"Utaisikia. Nipe mkono."

Aliupitisha mkono mwingine nyongani ili afungue mkanda, akakuta hakuna. Niliona vidole vyake vinatafuta. Vikagusa ncha sita zilizokatwa, kila moja ina alama ya pengo. Koleo lile alikuwa akiliazima kila wiki. Akainua uso, akanitazama. Akaendelea kufungua mabega.

Jacinth alilazwa siku tisa. Miguu ilirudi, Mungu asifiwe, lakini daktari akasema kuendesha basi hapana, angalau hadi Novemba. Na bendi nzima ikawa na neno moja mdomoni. Denzil kajenga vibaya. Denzil kamwachia mtego kwa ajili ya Mwari. Walisema sebuleni kwangu, wakila keki yangu, na mimi nikazidi kuwakatia vipande.

Siku ya kumi na moja simu ililia. Jacinth aliipokea juu kitandani. Mimi nikainua ya jikoni. Ndiyo, niliinua.

"Denzil, nina swali moja, usinifiche. Ulijenga vibaya?"

Nilisikia mageti yakigongwa nyuma yake.

"Nilikosea mahesabu," akasema. "Nisamehe."

"Wewe hukosei mahesabu."

"Nimekosea safari hii."

"Na msichana?"

"Msichana gani, Jacinth? Tangu siku ile najiuliza. Hakuna msichana. Nilikwenda kwa mzee Alston kwa sababu ya mgongo wako, basi."

"Mama alisema Glenora kamwona."

"Labda mama alisikia vibaya. Uvumi una kelele nyingi, kipenzi. Usimlaumu."

Alikuwa ananibeba. Niliyemnyima hata salamu alikuwa anabeba mzigo wangu mabegani, bila mkanda.

"Denzil, nyamaza mwanangu," nikasema. "Ni mimi."

"Mama?" Jacinth akasema. "Uko kwenye simu?"

"Niko. Mkanda ulikuwepo. Nimeukata mimi. Alipiga simu akasema usiondolewe, nami nikakata simu, kisha nikaukata na mkanda."

Binti yangu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, weka simu chini."

Nikaweka. Nikamsikia anashuka ngazi, moja moja, kiganja kikikwaruza ukuta. Alisimama mlangoni na gauni la kulalia.

"Nionyeshe koleo."

Nikampa. Akapitisha kidole kwenye pengo.

"Habari ya mgongo wangu uliijua?"

"Sikujua. Haki ya Mungu."

"Mkanda?"

"Nilijua."

"Na msichana?"

"Hakuna msichana. Nilimtunga."

"Nimemlilia wiki tatu mtu ambaye hayupo." Akakaa kitini polepole, kama bibi kizee. "Sema chochote unachotaka, mama. Ila usiseme ulifanya kwa ajili yangu."

Na hilohilo ndilo nililokuwa nalo mdomoni.

Jumapili nilisimama ukumbini nikaiambia bendi yote. Glenora aliruka, "Mimi msichana sikumtaja! Andikeni! Sikumtaja!" Kutoka pale nikaenda kwa Alston, mara ya kwanza tangu 1981. Nilimkuta mzee, macho yana ukungu, bado ana waya mkononi. Nikasema la mkanda, na la Huddersfield. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mchoro ule ulikuwa wa nani, Ismay?"

"Wako."

"Na niliuonyesha kwa nani?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui." Akarudi kwenye waya wake. "Ungekuja kuniuliza Reuben akiwa hai."

Hakunifukuza. Kiti pia hakunipa.

Novemba Jacinth alirudi kazini. Siku ya kwanza, kituo cha Moortown, abiria mmoja akapanda na kofia ya sufu.

"Tikiti?"

"Sina."

"Basi shuka."

"Nina hiki." Akatoa kipande cha utepe wa dhahabu, na katikati yake pete ya waya iliyosukwa, ncha zimefichwa ndani. "Haitakuchoma, dereva wangu. Unanichukua au hunichukui?"

"Kaa nyuma ya mstari mweupe," Jacinth akasema, analia na kucheka. "Usiongee na dereva gari likitembea." Akavaa pete, akachelewa kuondoka dakika nne, na abiria wakapiga makofi.

Habari hiyo sikuipata kwao. Aliniletea Glenora, na safari hii ilikuwa ya kweli.

Kwenye harusi nilikaa kiti cha mama, nikapewa keki. Denzil ananiita Mama Ismay, kwa heshima ileile ya mlangoni, wala tangu harusi hajawahi kuniita Mama tu. Kwa Poinsiana hajakunja tena waya. Kila Agosti binti yangu anatembea na Mwari, bila mabawa, na leso tu mkononi, na mimi nasimama pale kanisani na mwavuli. Mwaka juzi alipita akaangalia mbele. Mwaka jana aliinua leso kidogo. Sijui kama ilikuwa kwangu.

Mama mwenzangu, epuka haya:

Habari ya mtu ambaye hata koti hajavua.

Kuongeza neno ambalo hukuambiwa.

Kuuficha ujumbe wa mwanao, hata kama aliyepiga simu humpendi.

Kukata kitu kabla ya kuuliza kimebeba nini.

Kusema "wamekosea namba".

Kula keki na watu wanaomlaumu mtu kwa kosa lako. Mimi nilinyamaza siku kumi na moja.

Kungoja mtu afe ndipo umuulize rafiki yake.

Na Chapeltown Road, pale kanisani, mabawa ya mita nne bila mkanda wa nyongani.